Watoto Sita wa Bibi Veneranda

Mwandiko wangu ndio ulionipeleka misibani. Sijawahi kuwa mwimbaji, kupika wali wa watu wengi sijui, na nikilia nalia kimya mpaka watu wanadhani sina uchungu. Lakini nipe kalamu na karatasi yenye mistari, nitakaa na wafiwa mkekani, na baada ya saa moja utapata historia ya marehemu iliyonyooka, ambayo hata mtu anayechomwa na jua makaburini ataisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana mwezi uliopita Neema alinipigia simu kutoka nyumbani kwake Kiseke, asubuhi, nikiwa navaa viatu niende sokoni. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Mama ametutoka alfajiri. Aliacha neno kwamba historia yake uandike wewe, si mtu mwingine." Mama huyo ni Sabina, rafiki yangu wa miaka zaidi ya arobaini, aliyekuwa ametimiza themanini na sita. Nilimuuliza Neema kama wamempa taarifa mjomba wake Anselmi kule Nansio. "Tumempa. Amesema amesikia. Hajasema kama atakuja." Nilikata simu nikabaki nimeketi kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Haya Sabina, umefika." Kisha nikatafuta miwani.

Nasema "umefika" kwa sababu naamini hivyo, na naamini bila wasiwasi, kama ninavyoamini kwamba meli iliyoondoka Mwanza ikipotea machoni haijazama, inaonekana Nansio. Wenzangu wa makamo yangu wanaogopa hata kutaja kifo. Ukiwauliza watazikwa wapi wanakuona una uchuro. Mimi woga huo ulinitoka katika mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Haukunitoka kwa mahubiri. Ulinitoka kwa kosa nililolifanya mwenyewe mbele ya kaburi lililo wazi, mchana kweupe, nikisoma kwa sauti nzuri.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Ya kwetu nayaacha, hayana neno hapa. Nilipelekwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kukaa kwa Katekista Bonifasi, mzee aliyekuwa akiongoza sala na mafundisho ya kigango, yaani kanisa dogo chini ya parokia, kwa sababu padri alikuwa mmoja na vigango vingi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alizijua sala kwa moyo, lakini kusoma na kuandika kulikuwa kumemshinda, kwa hiyo alihitaji macho ya mtu mwingine, na macho hayo yakawa yangu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vinne ambavyo kuta zake hazikufika paa, hivyo siri ya chumba kimoja ilipita juu ikaangukia kingine. Nilisikia mengi nikiwa nimelala chali nikitazama mabati. Sebuleni palikuwa na meza iliyofunikwa plastiki ya maua, na hapo ndipo nilipoandikia. Mkewe, Mama Klara, alinisukumia upande mmoja vitabu vya ubatizo, upande wa pili akaweka ugali wa muhogo na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaushwa, akasema, "Andika ukila. Wafu hawana haraka, ila ugali ukipoa unakuwa jiwe."

Msomaji wa kwetu anaijua historia ya marehemu inavyokwenda. Alizaliwa lini, mtoto wa ngapi, alibatizwa wapi, shule, ndoa, kazi, aliugua nini, alitibiwa wapi, na mwisho ameacha nani. Hapo kwenye "ameacha" ndipo masikio yanasimama. Watoto wanatajwa mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kwa mpangilio huohuo wanaitwa kwenda kutia udongo. Ukiruka jina, umemruka mtu mbele ya kijiji kizima. Bonifasi alinifundisha hayo wiki ya kwanza, akanionya nisipambe. "Marehemu hakuwa malaika," aliniambia. "Angekuwa malaika tusingemwombea. Andika mtu." Jumamosi mchana alifundisha watoto wa komunyo ya kwanza barazani mwa kanisa, nami nikiita majina daftarini, nao wakijibu "Nipo!" kwa kushindana kelele. Siku moja aliwauliza ufufuko wa wafu ni nini. Wakatazamana. Akasema, "Ni siku ambayo Mungu ataita daftari. Ataita kila mmoja kwa jina lake, na mwili wake, na ukoo wake. Nanyi mtajibu nini?" Wakapiga kelele, "Nipo!" mpaka mbuzi waliokuwa kivulini wakatimka. Mimi nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kuwafurahisha watoto.

Wakati wa kiangazi Bibi Veneranda alituma mtu aniite. Alikuwa mjane aliyekaa upande wa ziwa, anaumwa moyo, miguu imevimba, na padri alikuwa amekwisha kumpa mpako wa wagonjwa. Nilimkuta kitandani ameegemea mito miwili, mlango wa chumba umefunguliwa ili aone machungwa yake. Kwenye kiti palikuwa na gauni jeupe lililopigwa pasi, rozari na kitenge kipya. "Hizo ni nguo za safari," aliniambia alipoona nazikodolea macho. "Usiogope, Reo. Sisafiri leo." Jina langu ni Leokadia, lakini ulimi wake wa Kikerewe ulilipenda hivyo. Alitaka niandike historia yake yeye akiwa hai. Nilimwambia, "Bibi, watu watasema tunakuitia kifo." Akanijibu, "Kifo hakiitwi, kinajua nyumba. Andika, na uandike vizuri, nisije nikafika huko nikasomeka vibaya."

Alisema taratibu, akipumzika kila baada ya sentensi mbili. Tulipofika kwenye watoto nikaandika namba moja, nikasema bila kusubiri, "Anselmi," maana kila mtu Nansio alimjua Anselmi, mfanyabiashara wa dagaa, msomaji wa somo la kwanza kila Jumapili. Bibi akanishika mkono. "Wa kwanza ni Sabina," alisema. Sabina nilimfahamu kwa jina tu. Aliishi Kisesa, ng'ambo kule, na watu walimjua kama mtoto wa dada yake Bibi. Bibi alinieleza bila kuinamisha uso. Alimzaa kabla ya ndoa, akamwachia dada yake aliyekuwa ameolewa Kisesa, akaolewa Nansio, na mume aliingia kaburini hajui. "Mungu nilimwambia zamani kwenye kitubio, akanisamehe. Hilo limekwisha. Sasa nataka watu nao wasikie, kwa sababu mtoto hamkosi mama mbele ya Mungu, anamkosa mbele ya watu." Niliuliza, kwa akili zangu za miaka kumi na tisa, kama si bora aende na siri yake kwa amani. Aliweka mkono juu ya shuka, tumboni. "Mjukuu wangu, si tunaamini mwili huu utafufuka? Basi ni tumbo hili hili litakalofufuka, na tumbo linajua lilibeba sita. Siku ile nitaitwa, nitajibu nipo, halafu nitageuka nimtafute Sabina. Nimwangalie kwa macho gani kama hapa nilimficha?" Kisha akaniambia nimenye chungwa, maana maneno mengi yamemkausha mdomo. Tukala wote wawili, na karatasi ile nikaichomeka kwenye kitabu changu cha sala.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza, mchana, wanawake wa jumuiya wakisali rozari chumbani. Kesho yake Anselmi alikuja kwa Bonifasi. Mzee alikuwa msibani. Nyumbani nilikuwa mimi na Mama Klara aliye jikoni. Anselmi alikuwa na miaka kama thelathini na minane, shati jeusi, macho mekundu ya kulia. Aliomba kuona karatasi "arekebishe tarehe." Alisoma mpaka kwenye namba moja, akakaa chini. Sijawahi kumwona mtu mzima akipungua vile. "Dada," alisema, "baba yangu yuko kwenye kaburi la jirani na hilo tulilochimba jana. Unataka nisimame pale nimfanye baba kichekesho? Mama alikuwa mgonjwa. Wagonjwa husema mengi." Kisha akasema neno lililonimaliza: "Nakuomba, Mwalimu. Wewe umesoma, unaelewa." Hakuna mtu aliyekuwa ameniita Mwalimu. Chuo chenyewe nilikuwa sijakiona. Nilitoa karatasi mpya nikaandika upya, kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwanza, watoto watano, na Sabina nikamweka chini kabisa, kati ya "ndugu na jamaa." Karatasi ya zamani Anselmi alitaka kuichana. Nilimwambia nitaichoma mwenyewe, nikairudisha kwenye kitabu cha sala. Sijui kwa nini. Labda hata mwoga huacha mlango wazi kidogo.

Nilisoma makaburini kwa sauti iliyotulia, watu wakaniangalia kwa heshima, nami, Mungu anisamehe, nilifurahia. "Ameacha watoto watano," nilisema, na nilipoinua macho nikamwona mwanamke wa makamo amesimama nyuma ya kwaya, khanga kichwani, viatu vya safari vimejaa matope. Hakuna aliyeniambia ni nani. Alikuwa na kidevu cha Bibi Veneranda. Nilipotaja jina la kwanza, Anselmi, midomo yake ilikuwa ikisogea kana kwamba anasali, kisha ikasimama. Watoto watano wakaitwa kutia udongo. Yeye alisubiri mpaka ukafika wakati wa majirani, akaokota bonge la udongo pamoja na wauza dagaa, akalidondosha, akaenda zake gatini kabla ya chakula.

Siku tatu sikula vizuri. Mama Klara alidhani ni malaria akanichemshia mwarobaini. Siku ya nne Bonifasi aliniita mezani. Nilikuwa nimejiandaa kusema uongo, lakini alinitangulia. "Nilisikia ukisoma watano. Veneranda aliniambia mwenyewe kwamba atakutajia sita." Nikaangua kilio, kwa mara ya kwanza kwa sauti, nikamweleza yote pamoja na lile neno Mwalimu. Alisikiliza kichwa kimeinama, vidole vikitembea juu ya maua ya plastiki ambayo hakuyaona. Nilisema, "Sasa nimeharibu, Baba, na mwenyewe amekwisha kufa. Nitamwomba nani msamaha?" Hapo Bonifasi alikasirika. Kwa mwaka mzima sikumwona akikasirika isipokuwa siku hiyo. "Umekaa hapa miezi mingapi ukiniitia daftari?" aliniuliza. "Unadhani nawatania wale watoto? Kama Veneranda amekwisha, basi kweli umeharibu na imebaki hivyo, nenda kalale. Lakini kama yu hai kwa Mungu, mbona unakaa kwangu ukilia? Nenda kamwambie. Halafu nenda kwa mtoto wake. Arobaini haijafika."

Niliondoka mle ndani nikaenda kaburini. Udongo ulikuwa mbichi, mvua imechimba vijito pembeni. Nilijiona mjinga kuongea na udongo, kwa hiyo nikaacha kuongea na udongo nikaongea na Bibi Veneranda, kama alivyokuwa kwenye mito yake miwili. Nilimwambia, "Bibi, nimekuangusha. Nitaisoma tena." Hakuna sauti iliyonijibu wala ndege aliyetua, na nawadharau kidogo wanaopamba habari zao kwa ndege. Ila nilitembea kurudi nyumbani na njaa imenirudia. Nilikuwa nimeongea na mtu, si na kumbukumbu. Tangu siku ile sijawahi kudhani tena kwamba uzima wa milele ni muda mrefu sana tutakaopewa tukikaa mawinguni. Bonifasi alisema ni kuishi mbele ya Mungu na wenzako bila kitu cha kuficha, na kwamba kazi hiyo inaanzia hapa, na ikikatizwa hapa haifungwi.

Kwa meli nilivuka hadi Mwanza, nikapanda basi mpaka Kisesa. Sabina alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara, meza tatu, sufuria la uji wa ulezi na sato wa kukaanga. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. "Wewe ndiye msomaji," alisema. Akanionyesha benchi. "Kwanza ule." Nilikunywa uji ule, yeye akiendelea kuhudumia wateja, mpaka meza zikabaki tupu. Ndipo nikatoa karatasi kwenye kitabu cha sala nikampa. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye namba moja aliketi, palepale mdogo wake Anselmi, ambaye hakuwa akiitwa mdogo wake, alipoketi kwa karatasi hiyohiyo. "Mama nilimsamehe zamani," alisema. "Alikuwa ananitumia machungwa kila msimu, na machungwa hayatumwi kwa mtoto wa dada miaka yote hiyo. Nilijua. Wewe ndiye nilikuwa sijakusamehe. Nilisimama pale nikihesabu majina yanayokutoka mdomoni." Nilimwomba msamaha. Aliniuliza kama nataka samaki. Niliposema nataka, nikajua nimesamehewa.

Misa ya arobaini ilisomwa na padri, akaondoka kwenda kigango kingine, na kuweka msalaba kaburini kukabaki mikononi mwa Bonifasi. Kwetu siku hiyo historia husomwa tena kwa kifupi. Bonifasi aliniita mbele ya wote akasema, "Leokadia atasoma aliyoyasema Veneranda mwenyewe, kwa kinywa chake, mwezi wa saba. Mimi ni shahidi." Sikuisoma kwa sauti nzuri siku hiyo. Nilianza upya mara mbili. "Ameacha watoto sita. Wa kwanza ni Sabina." Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mihogo. Sabina alitoka nyuma ya watu, akashika msalaba wa mbao upande mmoja ili usimame wima wakati wanashindilia udongo. Wadogo zake wanne walibaki wanatazamana. Wa mwisho ndiye aliyemsogelea kwanza. Anselmi aligeuka akaondoka, akapita mbele yangu bila kunitazama. Chakula hakula. Miaka yote iliyofuata, kila nilipofika Nansio, alinisalimia kama mtu anavyomsalimia karani, na kwa Sabina hakutoa salamu kabisa. Sabina alimwombea kwa jina kila Jumapili. Nilipomwambia aachane naye, alinijibu, "Nimwache niende kwa nani? Huko mbele tuko nyumba moja."

Basi ndiyo hayo niliyokwenda nayo Kiseke mwezi uliopita. Neema alinikalisha mezani, akaniletea chai na bahasha iliyokuwa kwenye sanduku la mama yake. Ndani ilikuwa karatasi yangu ya kwanza, ile niliyomwachia Sabina siku ya msalaba, imekunjwa mpaka mikunjo imegeuka matundu, mwandiko wa msichana aliyejiona. Nilimwandikia Sabina historia yake nikiwa nimeiweka mbele yangu. Wadogo zake wanne walikuwa wamekwisha kumtangulia. Nilipofika kwenye "ameacha," nilitaja watoto, wajukuu, vitukuu, kisha nikasimamisha kalamu. Neema alikuwa akisoma begani kwangu. "Mwalimu, na kama Mjomba asipokuja?" aliniuliza. "Tutakuwa tumemtaja mtu asiyetutaka." Nilimwambia ukweli ni ukweli hata kiti kikiwa kitupu, nikaandika.

Tulimzika Kisesa, karibu na pale hoteli ilipokuwa. Sasa pana duka la simu. Jua lilikuwa kali, watu wengi, maturubai mawili. Mimi nina miaka sitini na mitatu na sauti yangu imepasuka, lakini nilisoma bila kipaza sauti. Nilisema Sabina ni mtoto wa kwanza wa Veneranda wa Nansio. Nilitaja hoteli, uji, machungwa. Nilitaja watoto wake mmoja mmoja, wakaitika kwa kuinua mikono. Kisha nikasoma, "Ameacha mdogo wake mmoja, Anselmi," nikanyamaza, maana ndivyo inavyosomwa, unampa mtu nafasi. Nilitazama karatasi tu. Sikutaka kuona watu wakigeuka kutafuta na kumkosa. Nikasikia benchi likilia chini ya turubai la pili, na fimbo ikigonga ardhi, na sauti ya mzee aliyevuka ziwa asubuhi hiyo akiwa na miaka themanini na miwili.

"Nipo," alisema Anselmi.

Wakampisha njia. Alikuja polepole mpaka kwenye ukingo wa kaburi, mjukuu amemshika kiwiko, akainama yeye mwenyewe akachukua udongo kabla mtu yeyote hajaitwa. Nilifuta miwani kwa kitenge, nikatafuta mstari nilioishia, nikaendelea kusoma.